Pipa Lililovimba

Kila alipotoka shule, Betri alipita njia ileile: barabara ya lami, kichochoro cha nyuma ya kinyozi, kisha geti la bati la karakana ya baba yake. Hakuna aliyemsindikiza. Wenzake wa darasa la sita waliachana naye kwenye kona, na hata kabla ya kufika konani walikuwa wakitembea mbele yake wakicheka mambo yao.

Jina la Betri hakupewa na wazazi. Alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa betri za magari. Shati la baba lilikuwa na vitundu vidogo vidogo vilivyochomwa na matone ya asidi, na sketi ya shule ya Betri nayo ilikuwa navyo viwili chini ya mfuko. Basi ikawa mzaha: "Msimguse Betri, atawachoma." Mwanzoni alikasirika. Baadaye alizoea kuitika, maana aliona afadhali kuitwa jina baya kuliko kutoitwa kabisa.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mama yake alikwenda kumuuguza bibi aliyevunjika nyonga, na ile safari ya wiki chache sasa ilikuwa inaukaribia mwaka. Baba hakuwa mtu mbaya, lakini maneno yake yalikuwa ya kupimiwa kijiko. Jioni aliuliza, "Umekula?" Betri akajibu, "Nimekula, baba." Baba akasema, "Haya." Hapo mazungumzo yakawa yamekwisha mpaka kesho yake.

Mbali na kutengeneza betri, baba aliziuzia gereji za jirani maji ya betri, yaani asidi iliyozimuliwa kwa maji. Yeye mwenyewe aliletewa asidi iliyokolea, ndani ya mapipa ya chuma, kisha akaizimua kwenye tangi la plastiki. Alitia maji kwanza, halafu asidi kidogo kidogo, wala hakugeuza utaratibu huo hata siku moja. Mapipa yalikaa uani, chini ya kibanda kisicho na ukuta upande mmoja. Pipa lililokuwa likitumika lilichomekwa pampu ya mkono kwenye tundu la juu, na pembeni ya pampu palibaki mwanya mwembamba.

Betri alikatazwa kuyakaribia mapipa. Kazi yake uani ilikuwa moja: mawingu yakikusanyika, alegeze kamba kwenye nguzo ya mbali, turubai lishuke lizibe upande ulio wazi, kisha aifunge tena.

"Baba, kwani mvua ikiingia itafanya nini?" aliwahi kuuliza.

"We shusha turubai tu," baba alijibu, akaendelea na kazi yake.

Nyumba ya pili kutoka kwao alikaa mshonaji mmoja mwenye binti pacha. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Kila alasiri mapacha waliruka kamba mbele ya baraza lao pamoja na wasichana wengine, na kila alasiri Betri alisimama kwenye ua wao akitazama, huku akijifanya anangoja mtu. Aliyekuwa akimngoja hakuwepo, na nadhani kila mtu pale alilijua hilo.

Alasiri moja, msichana aliyekuwa akizungusha kamba aliitwa kwao. Pacha mkubwa akageuka huku na huku, akamwona.

"Wee Betri, unajua kuzungusha?"

"Najua," alisema Betri, akasogea.

Hakupewa zamu ya kuruka. Alishika ncha moja ya kamba akazungusha, wenzake wakaruka, naye akahesabu pamoja nao kwa sauti. Lakini furaha aliyoipata usingeweza kuifunika kwa turubai lolote. Mkono uliuma, akaubadilisha, akaendelea.

Mawingu yalipojikusanya juu ya paa, aliyaona. Tusimsingizie kwamba hakuyaona. Aliyatazama, akawaza kwamba akiondoka sasa, kesho watamtafuta mzungushaji mwingine. Akabaki. Mvua ikashuka kwa kishindo, wasichana wakakimbilia barazani, wakaanza kutegeana vitendawili. Pacha mdogo alipomwona anatetemeka alimfunika kwa nusu ya shuka lake. Betri alikaa ndani ya joto lile mpaka tone la mwisho.

Aliporudi, turubai lilikuwa bado juu, limekunjwa vizuri kama baba alivyoliacha asubuhi. Maji ya paa yalikuwa yakichuruzika juu ya pampu na kuingia kwenye ule mwanya. Mvuke mwembamba ulitoka pipani, pamoja na sauti ndogo ya kufukuta. Betri alilegeza kamba, akashusha turubai, akaifunga kwa fundo zuri ambalo halikuwa na faida tena.

Baba alirudi kutoka kupeleka mzigo gereji, amelowa chapachapa.

"Turubai ulishusha?"

"Nilishusha, baba."

"Haya."

Ukiyachunguza maneno yale, alilishusha kweli. Ndiyo maana yalitoka mdomoni kwa urahisi. Usiku kitandani alijitetea mwenyewe. Akimwambia baba ukweli, baba atamkataza kwenda kwa Mama Pacha, na atabaki bila mtu. Halafu, kwani maji si hupunguza makali ya asidi? Asidi iliyopungua makali itamdhuru nani? Aliliona jibu hilo kuwa zuri sana, akalala.

Kesho yake pampu ilikwama. Baba aliichomoa ili akaitengeneze, akaziba tundu kwa kifuniko cha chuma, akakikaza kwa spana. Kisha akalisukuma pipa lile nyuma kabisa, akafungua jingine.

Sasa Betri alikuwa anakwenda kwa Mama Pacha kila alasiri. Alipewa hata zamu ya kuruka. Lakini raha yenyewe ilikuwa imepungua kitu. Alipokuwa nyumbani peke yake, alisikia bati likilia nyuma ya kibanda: ko! Halafu kimya. Siku nyingine alichungulia kwa mbali, akaona mfuniko mzima wa juu wa pipa lile, uliokuwa bapa, umeanza kuinuka kama tumbo la mlaji. Ni jua hilo, alijiambia. Chuma hupanuka kwa jua.

Zamani upweke wake ulikuwa wa kukosa mtu. Huu wa sasa ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu watu alikuwa nao na hakuweza kuwaambia. Alikosea hesabu ya kamba, akakanyaga, akakosea tena.

"Betri, umeishiwa chaji leo?" pacha mkubwa alimtania, na wote wakacheka, naye akacheka nao.

Baba hakugundua chochote. Alipita mbele ya pipa lile kila siku bila kulitazama, kama mtu asivyoutazama mlango wa nyumba yake.

Asubuhi moja, wakinywa chai, baba alisema, "Leo Cheche anakuja. Ile nguzo ya kibanda imeoza, ataichomelea nyingine." Cheche alikuwa mchomeleaji wa vyuma wa mtaa wa pili, mtu wa maneno mengi, na jina hilo alilipata kutokana na kazi yake. Betri aliitikia, akachukua mkoba, akaenda shule.

Somo la pili lilikuwa sayansi. Mwalimu aliwapanga nyuma ya mstari wa chaki, akavaa miwani ya plastiki na glavu, akaweka mezani chupa mbili za asidi ya salfuriki.

"Hii ni asidi iliyozimuliwa, maji ni mengi," alisema. "Hii nyingine imekolea, maji ni kidogo mno. Nina misumari miwili ya chuma. Ipi itaushambulia msumari zaidi?"

"Iliyokolea," darasa zima liliitikia. Betri naye aliitikia.

Mwalimu alimimina asidi iliyozimuliwa kwenye neli ya kioo, akatumbukiza msumari. Viputo vikaanza kupanda kutoka kwenye chuma, kwanza kimoja kimoja, kisha kwa wingi. Aliziba mdomo wa neli kwa muda, halafu akasogeza njiti inayowaka. Pu! Wa mbele wakaruka, wa nyuma wakawacheka.

"Hiyo ni gesi ya haidrojeni," alisema mwalimu. "Metali zinazopenda kutenda, kama magnesi, zinki na chuma, huifukuza haidrojeni kutoka kwenye asidi iliyozimuliwa. Hapa ilikuwa kidogo, ikapiga makofi. Ikijikusanya nyingi mahali palipofungwa, ikapata cheche, haipigi makofi. Inapasua."

Kisha akatia msumari wa pili kwenye asidi iliyokolea. Wakangoja. Hakuna kiputo kilichopanda.

"Mwalimu, huu umelala," alisema mvulana mmoja.

"Haujalala, umevaa koti," mwalimu alijibu. "Asidi iliyokolea ikigusa chuma kikiwa baridi, hutengeneza utando mwembamba juu yake, na utando huo unakikinga. Msidhani basi asidi yenyewe ni mpole. Ngozi yako itaichoma mara moja. Na zinki ukiipasha moto humu, itatoa gesi nyingine inayokaba koo. Lakini chuma baridi hukaa salama. Ndiyo maana viwandani asidi hii husafirishwa hata kwenye mapipa ya chuma."

Betri aliushika ukingo wa dawati la mbele yake. Kisha akanyoosha mkono, yeye ambaye hakuwa mtu wa kunyoosha mkono.

"Mwalimu, na maji yakiingia ndani ya pipa?"

"Swali zuri. Maji yakiingia, asidi ya juu inazimuka. Lile koti linayeyuka, chuma kinaanza kuliwa, na gesi inatoka. Kama pipa limefungwa, gesi haina pa kwenda. Pipa linavimba."

Mwalimu aliendelea kueleza, lakini Betri hakusikia. Alikuwa analiona lile tumbo la pipa, na Cheche akiinama karibu nalo na mashine yake. Alijua pia kitu kingine, na kilimuuma vilevile: akisema sasa, itabidi aseme yote, tangu kamba mpaka uongo, na kila mtu atajua. Alasiri zake zitakwisha.

Akapiga moyo konde, akaenda mbele mpaka kwenye mstari wa chaki.

"Mwalimu, kwetu lipo," alisema kwa sauti ndogo. "Limevimba. Na leo kuna mtu anakuja kuchomelea hapohapo."

Mwalimu alimtazama, akafunga chupa zake, akamwita mwalimu wa darasa la jirani awaangalie wanafunzi. Walimpigia baba simu. Iliita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikawa vilevile. Basi wakatoka wakikimbia, mwalimu na glavu zake mkononi, Betri mbele, wakapita kichochoro cha kinyozi huku wateja wakiwashangaa.

Uani, Cheche alikuwa ameshabana waya wa mashine kwenye nguzo, kinyago chake kimeinuliwa juu ya kichwa. Baba ameishika nguzo mpya isiyumbe. Mashine ya kukatia vyuma ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa barazani. Ndiyo maana simu haikusikika. Kwenye ua wa michongoma walisimama Mama Pacha na mapacha wake, ambao siku hiyo shuleni kwao hakukuwa na masomo, maana hakuna mtoto asiyependa kutazama cheche za kuchomelea.

"Baba, msiwashe," alisema Betri.

Baba akageuka. "Kuna nini? Mbona umetoka shule?"

"Lile pipa la nyuma lina gesi. Maji yaliingia."

"Maji yameingilia wapi? Si ulishusha turubai?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Angeweza bado kusema turubai lilivuja. Mapacha walikuwa wanamtazama, pacha mdogo akimpungia mkono.

"Nilishusha mvua ilipokwisha. Nilikuwa kwa akina pacha, sikutaka kuondoka. Nilikudanganya, baba."

Baba alitazama nyuma ya kibanda, na safari hii alitazama kweli. Aliona ule mfuniko ulivyotuna. Uso wake ulibadilika rangi, lakini sauti yake ilibaki ya taratibu.

"Cheche, usiguse mashine. Nenda barazani, zima umeme kwenye swichi kubwa. Mwalimu, samahani, naomba uwatoe hawa watu mpaka barabarani. Mama Pacha, kama una jiko limewashwa, lizime."

Wakatoka wote. Majiko yakazimwa nyumba kwa nyumba, wenye sigara wakafukuzwa. Mama Pacha aliwashika mabinti zake mikono, akawavuta upande wa pili wa barabara. Watu walisimama makundi makundi wakinong'ona, na kumzunguka Betri pakabaki nafasi tupu kama ile inayoachwa kando ya mgonjwa. Mwalimu alimwekea mkono begani, lakini hakuna mwingine aliyesogea. Betri hakulia. Alikuwa ameshajua kwamba itakuwa hivi.

Ni Cheche tu aliyeongea. "Mimi nilikuja kuchomelea nguzo," aliwaambia watu, akijifuta jasho. "Kumbe nilikuwa nataka kupaa pamoja na kibanda, na mwenye nyumba hajanilipia nauli." Wachache walicheka.

Wauzaji wa asidi, walioitwa na baba kwa simu, walifika na gari lao, wamevaa vinyago vya uso mzima na aproni za mpira. Walikuwa na spana ya shaba, isiyotoa cheche. Walilegeza kifuniko kidogo, wakangoja, wakalegeza tena. Gesi ilitoka kwa mluzi mrefu uliosikika mpaka barabarani, na watu wote wakanyamaza kuusikiliza. Ulipokwisha, waliihamishia asidi kwenye vyombo vya plastiki, wakalisuuza pipa vizuri, wakamruhusu baba arudi na mwanawe.

Baba alimwita Betri, akamulika tochi ndani ya pipa tupu.

"Tazama chini."

Chini, ilikokuwa asidi iliyokolea, chuma kilikuwa kizima.

"Sasa tazama juu."

Juu, maji ya mvua yalikokaa, palikuwa na pete nyeusi kuzunguka pipa zima, imeliwa mpaka ukuta umebaki mwembamba. Betri alitazama kwa muda mrefu.

Alidhani baba atasema "Haya" na kuondoka. Badala yake baba aliketi juu ya kreti, akampa nafasi pembeni yake.

"Mimi nina kosa langu," alisema baba. "Uliniuliza mvua ikiingia itafanya nini, nikakuona mtoto, nikakwambia shusha turubai. Ningekueleza, labda ungekimbia siku ile. Na sikujua kwamba unakaa peke yako kiasi hicho. Hilo nalo ni langu."

Betri alikodoa macho. Hakuwahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kwa baba yake kwa mara moja.

"La kwako ni hili, mama. Kucheza si kosa. Kuchelewa ni kosa, na ungeniambia jioni ile ningekugombeza, labda ningekupiga marufuku wiki moja. Kosa lenyewe ni kitu kikali, lakini lingekaa mahali pake. Wewe ukaona ulitie maji kidogo lipungue makali. Ukasema umeshusha turubai. Kosa likitiwa maji ya uongo, mwanangu, ndipo linapoanza kula chombo. Na aliye nje haoni mpaka livimbe."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini si mimi peke yangu uliyetaka kunilipua." Baba alisimama. "Twende."

Walivuka mpaka kwa Mama Pacha. Betri alitembea nusu hatua nyuma ya baba, macho chini. Alijua atakachoambiwa, na aliona ni haki. Mama Pacha alikuwa ameketi kwenye cherehani yake bila kushona, mabinti zake wamesimama mlangoni kwa ndani.

"Shikamoo, mama," alisema Betri.

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Pipa lingeweza kuwaumiza. Nilijua maji yameingia, na sikusema kwa sababu niliogopa kukatazwa kuja hapa."

Baba alifungua mdomo ili aongezee, Mama Pacha akamzuia kwa mkono.

"Fundi, ngoja. Nimewasikia wanawake pale barabarani wakiniambia nimkataze huyu mtoto asikanyage kwangu. Nimefikiri." Akamgeukia Betri. "Watoto wengi wanacheza kwenye baraza hili. Sijui hata mmoja wao ananificha nini. Wewe nimekusikia ukilisema kosa lako mbele ya mtaa mzima, na hapana aliyekulazimisha. Kwa hiyo kati ya wote, wewe ndiye ninayekujua. Utaendelea kuja."

Akasogeza kiti kilichokuwa mlangoni ili kuacha njia, na mapacha wakatoka.